Fundi umeme wa Tabata aliyepima kwanza: feni ya rejeta ya Vitz yangu

Krimu ndiyo iliyoniambia kwamba gari langu lina tatizo. Naoka keki nyumbani Kimara na kuzipeleka kwa wateja mwenyewe, Sinza, Mikocheni, mara nyingine mpaka Kigamboni, kwa Toyota Vitz ya mwaka 2007, ile ya injini ndogo ya silinda 3, cc 996. Keki ya krimu haisafiri Dar es Salaam bila AC, hasa Februari. Sasa nikawa naona jambo la ajabu: gari likiwa mwendoni AC inapuliza baridi hadi mikono inauma, lakini nikikwama foleni pale Ubungo, baada ya dakika 5 hewa inageuka ya vuguvugu. Magari yakisogea, baridi inarudi. Siku moja nilifika Sinza na keki ya kipaimara ambayo maua yake ya upande mmoja yalikuwa yameteleza hadi kwenye kibao. Mama mwenye shughuli alinivumilia, lakini nilirudi nyumbani na uchungu.

Nilidhani gesi imepungua. Nikajaza, shilingi 40,000. Hakuna kilichobadilika.

Wiki iliyofuata, Ijumaa jioni, nikiwa kwenye foleni Barabara ya Morogoro, taa nyekundu ya joto ikaanza kuwakawaka. Wenye Vitz za aina hii mnajua hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi, kisha inazima, kisha siku ya balaa inawaka nyekundu. Katikati hapo dereva haambiwi lolote. Nilizima AC, nikafungua vioo vyote, nikawasha hewa ya moto hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, nikajitoa pembeni na kuzima gari. Kijana mmoja muuza maji akanijia na chupa mkononi, akaniambia, "Dada, fungua mfuniko nikumwagie." Nilimkatalia, na nakuomba nawe ukatae. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 1.1, hiyo ni presha, na kwa presha hiyo maji yanaweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua presha inaachia ghafla, maji yale yote yanachemka kwa mara moja na kukurukia usoni. Nilisubiri dakika 45, nikageuza, nikarudi nyumbani polepole.

Gereji ya kwanza sitaitaja kwa jina. Ni ya jirani, na fundi wake ni mtu wa watu. Alisikia neno "inachemsha" na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshaanza kufungua tamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto. Akaitoa, akaniambia magari ya huku kwenye joto hayaihitaji. Kisha akaona feni haizunguki, akasema sensa ya joto imekufa. Nikanunua sensa 35,000, akaifunga, akaupigapiga ule mfuniko wa plastiki unaoizunguka feni ili ukae sawa, akawasha gari, feni ikazunguka! Nilifurahi kweli. Ufundi 15,000, na 10,000 ya kutoa tamostati. Siku 3 baadaye nikiwa Mwenge feni ilikuwa imelala tena. Nilimpigia simu akasema nirudi, atairuka kompyuta ya gari na rilei, ile swichi ya umeme inayoiwashia feni, na kuiunga feni moja kwa moja kwenye swichi, gari likiwashwa tu nayo izunguke bila kusubiri chochote. "Wengi wamefungiwa hivyo," akasema.

Hapo ndipo mteja wangu mmoja, dereva teksi wa miaka mingi, aliponielekeza Tabata.

Gereji yenyewe haina kibao. Ni uwanja mdogo wenye mwembe mmoja, kontena la vifaa, na magari matano au sita. Fundi ni mtu wa umeme wa magari tu. Hafungui injini, habadilishi bushi. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake, anasema wateja alionao wanamtosha kwa mikono aliyonayo, nami naheshimu hilo. Lakini ninaeleza alivyofanya kazi hatua kwa hatua, kwa sababu fundi wa namna hii yupo kila mji, na ukijua kazi nzuri inavyofanana utamtambua.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuniuliza maswali. Inachemsha ukiwa mwendoni au ukisimama? Nikasema nikisimama. Ukienda Kibaha je, barabara ikiwa wazi? Nikasema haina shida hata kidogo, tena siku hizi taa ya bluu inachelewa sana kuzima. AC inapoteza baridi saa ngapi? Nikamweleza habari za krimu. Alitikisa kichwa akasema, "Basi hewa ya barabarani ndiyo inayokusaidia. Ukisimama hakuna wa kuivuta." Akanieleza kwamba kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta, na feni hiyo moja inazivutia hewa zote mbili. Feni isipozunguka gari likiwa limesimama, gesi ya AC haipoi, presha yake inapanda, na swichi ya presha inaizima kompresa kuilinda. Kwa hiyo AC yangu ilikuwa inalalamika wiki nzima kabla ya taa nyekundu. Gesi niliyojaza haikuwa na kosa lolote. Natamani ningeambiwa hilo siku ya kwanza.

Akachomeka kidude chini ya usukani, kile kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha namba kwenye simu, akaniwekea simu mbele yangu. "Wewe kazi yako ni kunisomea joto." Gari likaunguruma pale chini ya mwembe, AC imezimwa. 78. 85. 91. Alikuwa amesimama mbele ya boneti amekunja mikono. 96. Feni kimya. 99. Akaniambia niwashe AC, kwa sababu kwenye gari hili AC ikiwashwa feni inatakiwa iingie hata kama injini haijapata moto sana. Kimya. Lakini safari hii aliweka kidole juu ya rilei kwenye boksi la fyuzi, akaniita nami niweke. Niliisikia ikigonga, tak, kila nilipomwambia mwana wa fundi azime na kuwasha AC. Kompyuta ilikuwa inatoa amri. Rilei ilikuwa inaipokea.

Hapo, alisema, wengi wanaishia wakisema rilei ni nzima. Mlio si ushahidi wa kutosha, maana ndani ya rilei kuna vidole viwili vinavyogusana, na vikiungua vinaweza kugonga vizuri tu bila kupitisha umeme wa kutosha. Akazima gari, akachomoa plagi ya feni yenye nyaya mbili. Nilitarajia atoe mita. Akatoa balbu ya taa kubwa ya mbele, wati 55, aliyoiunganishia nyaya mbili, akazichomeka kwenye zile tundu mbili za plagi ya gari. Akawasha gari na AC.

Balbu ikawaka nyeupe, kali, hata mchana ule ulikuwa huwezi kuitazama.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia mita, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mita haivuti umeme. Waya ukiwa umekatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja, au plagi ikiwa imeota kutu ya kijani, mita bado itakuonyesha volti 12, nawe utaapa kwamba umeme upo. Ukidai umeme wa kufanya kazi, uzi ule mmoja hauwezi. Balbu ya wati 55 inavuta zaidi ya ampea 4. Ikiwaka kwa nguvu, maana yake njia nzima ni nzima: fyuzi ya ampea 30, rilei na vidole vyake, nyaya, plagi, hata waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi, kwa sababu balbu imepata pande zote mbili kutoka kwenye plagi ileile. Na kwa kuwa amri imetoka, kompyuta nayo haina neno. Kwa jaribio moja la balbu ya elfu chache aliwatoa washtakiwa wote, akabaki mmoja.

Sensa yangu ya zamani, ile iliyotupwa kwenye ndoo ya gereji ya kwanza? Angalia simu: kwa sensa mpya joto lilisomeka vizuri kutoka 78 hadi 99 bila kuruka, na feni bado ilikuwa imelala. Akaniambia sensa ikifa, namba huruka ovyo au hukwama mahali pamoja, na kompyuta huandika kosa. Mimi ya zamani sikuipima, kwa hiyo siwezi kuapa juu yake, lakini hata taa ya injini haikuwahi kuwaka.

Sasa mota yenyewe. Alitandaza nyaya mbili nene kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye plagi ya upande wa feni. Haikutikisika. Akachukua bisibisi, akaigonga mgongo wa mota kwa mpini wake, mara moja, taratibu. Feni ikazunguka kama mpya.

Nilibaki nimeduwaa, kwa sababu nililiona tukio lile lile tena: fundi wa kwanza akiupigapiga ule mfuniko wa plastiki, feni inazunguka, sisi sote tunaisifu sensa mpya. Na ndiyo maana baadhi ya siku, nikipita ile njia yangu ya mashimo ya kutoka nyumbani, AC ilikuwa inapoa hata kwenye foleni. Shimo lilikuwa linafanya kazi ya mpini wa bisibisi.

Aliniuliza kama nina muda. Nilikuwa nao. Akaishusha feni, akaifungua mota, akanionyesha. Ndani kuna kaboni mbili zinazosukumwa na springi zibane pete ya shaba inayozunguka. Umeme unapitia hapo. Zangu zilikuwa zimelika hadi zimebaki kama punje za mahindi, springi zimefika mwisho wa safari yake, na ndani mote ni vumbi jeusi. Feni ikisimama mahali ambapo kaboni haigusi, haiondoki. Ukiigonga, inagusa. Akaniwekea mezani uchaguzi wenyewe: kaboni mpya zingegharimu kidogo sana, lakini pete ya shaba ilikuwa imechimbika mfereji, na mfereji ule ungezila kaboni mpya mapema. "Ukitaka nitakufungia, lakini tutaonana tena," alisema. Nilichagua mota nyingine.

Kuhusu kuunga feni moja kwa moja kwenye swichi, nilimwuliza waziwazi, maana nilikuwa nimeshaanza kushawishika. Hakumsema vibaya fundi mwenzake. Alinijibu kwa kunionyesha: zile nyaya za betri alizozigusisha ndizo hizo hizo "moja kwa moja", na feni haikuzunguka. Ningelipa pesa ya kuungiwa, mota ikiwa imekufa vilevile. Na hata ingekuwa nzima, swichi ya dashibodi na waya mwembamba si vya kubeba umeme wa feni. Waya unapata moto, unayeyuka, na gari linaweza kuungua. Zaidi ya hayo, feni inayozunguka saa zote inazimaliza kaboni zake mapema, yaani ugonjwa uleule niliokuwa nao.

Mota ilitoka kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kwa bodaboda, ya mtumba kutoka Japani. Hapa alinikosha. Ya kwanza iliyoletwa aliifunga kwenye betri, akaibana waya kwa mita ya kibano: ampea 13, na ikiachiwa inakwaruza kama inatafuna mchanga. Akairudisha. Ya pili ilivuta 8, ikazunguka dakika 10 mezani bila kelele, ndipo akaniambia lipa. Wakati tunaisubiri alisafisha uso wa kondensa kwa maji ya presha ndogo, manyoya na vumbi la miaka vikatoka. Alipoifunga alitoa kwanza waya wa negativu wa betri, kwa sababu feni za namna hii zinaweza kuingia ghafla ufunguo ukiwa umewashwa, nawe mkono wako uko ndani. Na baada ya kufunga alichukua karatasi ya daftari akaiachia mbele ya grili: ikanyonywa ikanata. Ukigeuza nyaya za mota, feni itazunguka kinyume, itasukuma hewa mbele badala ya kuivuta, na gari likiwa mwendoni vitapigana. Karatasi inakuambia kwa sekunde moja.

Tamostati aliniambia kwa ukali kidogo, akinitazama usoni: "Hii irudishwe, dada." Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake; bila tamostati, barabara ikiwa wazi inakimbia ikiwa ya baridi, mafuta yanaliwa zaidi, na ndiyo sababu ya ile taa yangu ya bluu. Kwenye foleni haisaidii chochote kama feni haipo. Kwa kuwa yeye ni wa umeme, alimwita fundi jirani akanifungia mpya, imegongwa 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, wakamwaga maji ya bomba niliyokuwa nimejaziwa na kuweka kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, lita 4, hewa ya moto ikiwa imewashwa hadi mapovu yakaisha.

Malipo yote: kupima 15,000, mota 70,000, bodaboda 6,000, kuifunga 20,000, tamostati na gasketi yake 30,000, kulanti 24,000. Jumla 165,000. Ile 15,000 ya kupima unailipa hata ukiamua kwenda kutengeneza kwingine, na najua kuna watu wanaona ni kuibiwa kulipia "kuangaliwa tu". Mimi nilikuwa nimeshamwaga 100,000 kwa vitu vilivyobadilishwa bila kupimwa. Naiona 15,000 hiyo kuwa fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Kasoro zipo na nitazisema. Nilifika saa 3 asubuhi kama tulivyokubaliana, akaanza gari langu saa 5 na nusu. Pa kukaa ni benchi moja, kivuli cha mwembe kinahama, na choo ni cha nyumba ya jirani. Simu hapokei akiwa kazini, inabidi utume ujumbe na kusubiri jioni. Risiti aliniandikia kwenye karatasi ya kawaida baada ya kumwomba mara mbili. Mota ya mtumba ameipa dhamana ya mwezi mmoja tu. Na jioni ileile nilisikia kitu kinagongagonga mbele. Nilirudi kesho yake, bolti moja ya ule mfuniko wa feni haikukazwa. Aliikaza mwenyewe, akaomba radhi, hakunitoza. Lakini safari ya Kimara hadi Tabata kwa bolti moja si kitu kidogo kwa mtu mwenye oda.

Ningemwomba pia aandike bei zake mahali, hata kwa chaki kwenye kontena. Mama mmoja aliyekuja na Noah wakati nikiwa pale aliondoka kwa kuogopa kuuliza.

Kuhusu injini, nina bahati. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na hupinda ikipata moto kupita kiasi, nilizima mapema. Alinikagulia: mafuta ya injini hayajageuka rangi ya maziwa kwa kuchanganyika na maji, kulanti haipungui, hakuna mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma. Nimeendelea kuangalia kila asubuhi gari likiwa la baridi, kabla sijapakia.

Nimenunua kile kidude cha kuchomeka. Sasa hivi zimepita wiki 6. Jumamosi iliyopita nilikaa Ubungo dakika 35 na keki ya ngazi tatu nyuma, AC namba 2, simu kwenye dashibodi. Namba ilipanda hadi 93, ikashuka, ikapanda tena, haikuwahi kuvuka 95, na chini ya kelele za honi niliisikia feni ikivuma. Maua yalifika Kigamboni yote yamesimama.